Nilimaliza mzigo wote Nane Nane, nikarudi Iringa na deni

Leo sikuletei mbinu niliyoisoma mahali. Nakuletea somo nililolilipia mwenyewe, shilingi 98,000. Wewe lichukue bure.

Mimi nauza vikapu vya Iringa, vile vya milulu vinavyosukwa na kina mama wa huku kwetu. Wateja wangu wengi nawapata Instagram na kwenye statasi ya WhatsApp. Mwaka 2023 Nane Nane ilifanyika kitaifa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, nikasema hii hainipiti. Nikachukua vikapu 60 kwa kina mama sita, mali kauli, yaani nauza kwanza ndipo nilipe. Kila kikapu 12,000. Nikapanga kuuza 20,000. Kichwani nikaona faida ya 8,000 mara 60, nikaanza kuitumia kabla sijapanda basi.

Siku tatu za mwanzo niliuza kwa bei yangu. Vikapu 14 vikaondoka. Siku ya nne jirani wa banda akashusha bei, na upande wa pili kulikuwa na vikapu vya plastiki vya 5,000. Watu wakawa wanapita, wanashika, wanauliza "bei ya mwisho?", wanaondoka. Nikaingiwa na hofu ya kurudi na mzigo. Nikashuka hadi 17,000, vikaenda 26. Siku ya kilele, tarehe 8, watu wamejaa mpaka huoni njia, nikapiga kelele "kumi na tano, kumi na tano!" Vikapu 20 vya mwisho vikaisha kabla ya saa tisa. Nikapiga picha banda tupu, nikaweka statasi: MZIGO UMEISHA. Watu wakanipongeza.

Nilifika Iringa usiku, nikahesabu. Mauzo yote: 1,022,000. Matumizi yangu, yaani nauli, mzigo, mchango wa banda, kulala, kula, daladala na mifuko, yalifika 400,000. Mkononi nimebaki na 622,000. Kina mama nawadai? Hapana, wao ndio wananidai 720,000.

Kesho yake nilikwenda kwa mama mkubwa wao, yule anayenikusanyia vikapu. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kuzungukazunguka na habari za Mbeya na baridi ya Agosti. Akanisikiliza, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, kwa hiyo wale watu wa Mbeya tumewapunguzia sisi." Hakugomba. Ningefurahi angegomba. Ile 98,000 nililipa kidogo kidogo kwa miezi miwili kutoka mauzo ya mtandaoni, na kila nilipopeleka elfu kumi nilimkumbuka yule mteja aliyenishukuru kwa bei nzuri.

Tatizo halikuwa Nane Nane. Tatizo nilikwenda sijui bei yangu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Bei ya kununua siyo gharama yako.
Chukua matumizi yote ya safari, gawanya kwa idadi ya bidhaa. Yangu: 400,000 gawanya kwa 60, ni karibu 6,700 kwa kila kikapu. Jumlisha 12,000, unapata 18,700. Maana yake nikiuza 17,000 nalipa mteja achukue kikapu. Hata ile 20,000 niliyojivunia ilikuwa na faida ya 1,300 tu. Na usigawanye kwa idadi uliyobeba, gawanya kwa idadi unayoamini itauzwa. Ukibeba 60 ukauza 40, matumizi yale yale yanabebwa na vikapu 40, yaani 10,000 kila kimoja.

Hesabu hii ifanye nyumbani, na daftari, kabla hujalipia banda. Andika namba ya chini kabisa kwenye karatasi, bandika ndani ya mkoba wa pesa. Mteja akikubembeleza, karatasi ndiyo ijibu.

2. Usishushe bei, badilisha bidhaa.
Maonyesho yana watu wa kila mfuko. Kuna mkulima katoka kuuza mazao, kuna mwanafunzi kaja kutembea, kuna mgeni katoka ng'ambo ya Tunduma. Nilipokwenda na saizi moja nilimlazimisha kila mtu abishane na bei moja. Mwaka 2024 nilibeba vikapu vikubwa 30 tu, vya 25,000, na vidogo 80 vya kuwekea funguo na hereni, vya 7,000. Mtu akisema "dada punguza," namjibu, "Shikamoo mama. Hiki ni elfu ishirini na tano. Kama bajeti ni ndogo kuna hiki cha elfu saba, mikono ni ile ile." Wengi walicheka, wakachukua kidogo. Wengine walichukua vyote viwili.

3. Mkono uonekane ukifanya kazi.
Hapa Iringa tuna Neema Crafts, kituo kilichoanza 2003 ambako mafundi wenye ulemavu wanatengeneza bidhaa na wageni wanaruhusiwa kuwaona kazini. Ukishamwona fundi akisuka, mdomo unakuwa mzito kusema "bei ya mwisho". Nikaiga. Nilikwenda na mmoja wa wale kina mama, nikamlipa 10,000 kwa siku, akakaa mbele ya banda na milulu yake anasuka. Watu wakasimama, watoto wakachuchumaa. Mteja akisema kikapu ghali, mama anamjibu mwenyewe, "Hiki kimenikalisha siku tatu, mwanangu." Sikuhitaji kubishana tena na plastiki ya 5,000. Ile ni bidhaa nyingine.

Kama huwezi kwenda na fundi, beba kazi iliyofika nusu na uiweke mezani. Video fupi kwenye simu nayo inasaidia, ila chaji ijae.

4. Pesa ya simu: usiamini ujumbe, amini salio.
Siku ya kilele mtandao unakuwa mzito kwa sababu ya wingi wa watu. Mtu anakuonyesha ujumbe kwenye simu YAKE kwamba katuma. Mjibu kwa adabu, "Kaka, tusubiri uingie kwangu," huku kikapu umekishika. Ukiona ujumbe umeingia kwako, hakikisha umetoka kwa mtandao wenyewe na siyo namba ya mtu, kisha angalia salio. Namba ya malipo iandike kubwa, na jina litakalotokea, ili mteja asitume pengine. Beba pia chenji. Asubuhi kila mtu anakuja na noti ya elfu kumi.

5. Pesa za mauzo zisiwe pesa za chipsi.
Mwaka wa kwanza nilikula, nilipanda bodaboda na kununua vocha kutoka mfuko ule ule. Sasa nina pochi mbili. Ya mauzo haifunguliwi mpaka usiku, nikiwa na daftari. Pesa ya kina mama naituma kila jioni, hata kama ni kidogo. Nikiituma siwezi kuila.

6. Jiandae kwa Mbeya yenyewe.
Agosti asubuhi ni baridi kali, mchana vumbi na upepo. Beba sweta, brashi laini ya kufutia vikapu, kamba za kufungia bidhaa nyepesi na kitambaa cha kufunikia usiku. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku toka Juni 1, 2019, kwa hiyo panga mifuko mbadala kwenye gharama. Sisi wa vikapu tuna bahati: kikapu ni mfuko. Mteja akinunua kikubwa, mwambie atie humo manunuzi yake mengine. Anageuka tangazo lako uwanja mzima.

7. Usirudi na banda tupu, rudi na namba za simu.
Hili ndilo lililonipita kabisa 2023. Niliuza vikapu 60 kwa watu 50 na kitu, nikarudi sina namba hata moja! Mwaka uliofuata kila kikapu kilikuwa na lebo: jina la biashara, namba ya WhatsApp na mstari mmoja kuhusu milulu. Aliyekubali, niliandika namba yake na alichopenda. Asiyekuwa na pesa siku hiyo alilipa nusu, na kikapu nikamtumia kwa basi baada ya kumalizia. Njia ya Makambako na Mafinga mabasi ni mengi, mzigo unafika.

Sasa matokeo ya 2024. Nilikwenda siku tano tu za mwisho, tukalala kwa shangazi yangu Uyole. Matumizi yote, pamoja na malipo ya mama, 270,000. Niliuza vikubwa 22 na vidogo 71, jumla 1,047,000. Kina mama niliwaongeza, kikubwa 13,000 na kidogo 3,000, kwa hiyo walipata 499,000. Faida yangu 278,000. Mauzo karibu sawa na mwaka ule wa deni. Nilirudi na vikapu 17 kwenye gunia, na sikuona aibu. Viliisha Septemba, kwa wateja wale wale niliochukua namba zao.

Kazi yako ya leo: chukua bidhaa moja unayoiuza sana. Andika ulinunua au ulitengeneza kwa bei gani, kisha andika kila shilingi inayotoka mpaka imfikie mteja: bando, usafiri, mfuko, makato ya kutoa pesa. Jumlisha. Hiyo ndiyo namba ambayo chini yake usimwuzie mtu, hata akuite mwanangu.

Nikienda tena kwa yule mama, siku hizi ananiuliza mapema, "Mwaka huu hesabu umeshapiga?" Namwonyesha daftari kwanza. Ndipo ananipa vikapu.