Mbona Mawe ya Vimondo Huwa Madogo?

Wanafunzi wa darsa wametuuliza: kimondo chamulika mbingu nzima, na kishindo chake chasikiwa mbali, basi mbona kiokotwacho chini ni kijiwe cha kiganjani? Jawabu twaiona katika khabari ya Mbale, nchini Uganda.

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992, jiwe kutoka mbinguni lilipasuka juu ya mji huo, vipande vikamwagika kama mvua. Wataalamu walitambua mahali 48 vilipoangukia. Kikubwa kabisa kilikuwa na uzito wa kilo 27 na kitu, na vyote pamoja vilikadiriwa kilo 150. Kimoja, cha gramu tatu hivi, kiligonga majani ya mgomba kisha kikamwangukia mtoto kichwani, naye asiumie.

Sababu ya haya ni hewa. Jiwe huingia kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde moja. Hewa iliyo mbele yake haiwahi kupisha. Hubanwa ikawa moto wa kuwaka, nao huyeyusha uso wa jiwe na kuupeperusha. Na kila jiwe lishukapo, hewa huzidi uzito na kulikandamiza kwa mbele, hali nyuma yake hapana cha kulihimili. Basi likiwa na nyufa za tangu zamani, na mengi yanazo, hupasuka. Vipande navyo hupoteza kasi, vikaacha kung'aa, vikaanguka kama kitu chochote kiangukacho.

Huenda mtu akasema: mbona Kimondo cha Mbozi, Tanzania, chapita tani 10? Twasema hicho ni chuma, na chuma hakipasuki upesi kama jiwe. Ama vilivyo vikubwa mno, hewa haiwezi kuvizuia; hupiga ardhi kwa kasi yao, na sehemu kubwa ikayeyuka au kuwa mvuke. Shimo la Arizona, Marekani, lina upana wa zaidi ya kilomita moja, lakini chuma kilicholichimba, chenye upana wa mita 50 hivi, kimebaki vipande tu.

Tumeirefusha khabari ya Mbale kwa kuwa wako waliosaga mawe yale wakala unga wake, wakidhani ni dawa ya UKIMWI kwa kuwa yametoka juu. Mawe yale ni madini yajulikanayo yaliyochanganyika na chuma kidogo, wala hamna ndani yake cha kumponya mgonjwa huyo.