Kompyuta mbili na waya mmoja: kujifunza RDMA Butembo na Beni

Kujifunza RDMA (Remote Direct Memory Access), yaani kompyuta moja kusoma au kuandika moja kwa moja kumbukumbu ya nyingine kupitia mtandao, hakuhitaji kadi ya mtandao ya bei ghali. Kompyuta mbili za kawaida zenye Linux, waya mmoja wa Itheneti na saa chache za umeme vinatosha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben mjini Butembo, au wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo (UCBC) mjini Beni, anaweza kuandika na kujaribu programu za aina ileile inayotumika katika vituo vikubwa vya data vinavyofunza akili mnemba. Naliandika hili kwa sababu vijana wengi huku hudhani fani hii imefungwa kwao mpaka wavuke mpaka. Haijafungwa.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika mawasiliano ya kawaida ya TCP, data ikifika kwenye kadi ya mtandao hupokelewa na kerneli, huwekwa katika kumbukumbu ya kerneli, kisha hunakiliwa tena kwenye kumbukumbu ya programu iliyokuwa inaisubiri. Ni sawa na mzigo uliotoka mpakani Kasindi kushushwa kwanza kwenye depo ya mtu wa kati, ukahesabiwa, ndipo ukabebwa tena hadi dukani kwako. RDMA huondoa depo hiyo. Programu huandikisha sehemu ya kumbukumbu yake, humpa mwenzake ufunguo wa sehemu hiyo, na kadi ya upande wa pili husoma au kuandika humo bila kuisumbua prosesa ya mwenye kumbukumbu.

Kadi zenye uwezo huo ni ghali. Ndiyo maana kuna Soft-RoCE, draiva iitwayo rdma_rxe, iliyoingizwa katika kerneli ya Linux toleo la 4.8 mwaka 2016. Huiga kazi ya kadi hiyo kwa programu tupu, juu ya kadi yoyote ya kawaida ya Itheneti, ikifunga ujumbe wake ndani ya pakiti za UDP zinazopita mlango namba 4791.

Kuna jambo moja ambalo lazima tuelewane kabla ya kugusa kibodi: Soft-RoCE haitaongeza kasi ya mtandao wako. Kazi ambayo kadi ingeifanya inarudi kwa prosesa, na mara nyingi TCP ya kawaida itaishinda. Waya wa gigabiti moja hupitisha, kwa hesabu ya karatasi, megabaiti 125 kwa sekunde, na hakuna draiva itakayovuka hapo. Ukiwa na faili za gigabaiti 100 za kuhamisha, tumia rsync; zitachukua takriban robo saa. Soft-RoCE ni ya kujifunzia na kujaribia. Thamani yake ni kwamba programu uliyoiandika juu ya maktaba ya libibverbs kwa rxe itakubali kadi halisi siku utakapoipata, bila kuandikwa upya.

Sasa kazi. Intaneti ya huku ni ghali, kwa hiyo pakua vifurushi mara moja kwenye kompyuta ya kwanza, kisha nakili faili zilizomo katika /var/cache/apt/archives uzipeleke kwenye ya pili yenye toleo lilelile la mfumo. Kwa Debian au Ubuntu vifurushi ni hivi:

sudo apt-get install rdma-core ibverbs-utils rdmacm-utils perftest

Unganisha kompyuta mbili kwa waya, moja kwa moja. Kadi za gigabiti za kisasa hazihitaji swichi katikati. Tazama jina la kadi yako kwa `ip link`. Hapa nitaliita enp3s0. Katika mipangilio ya mtandao ipe kompyuta ya kwanza anwani ya kudumu 192.168.50.1/24, na ya pili 192.168.50.2/24. Ping ikijibu pande zote mbili, endelea. Isipojibu, usiendelee, kwa kuwa Soft-RoCE haiwezi kusimama juu ya mtandao uliolala.

Kwenye kila kompyuta:

sudo modprobe rdma_rxe
sudo rdma link add rxe0 type rxe netdev enp3s0
rdma link show

Mstari wa mwisho ukionyesha "state ACTIVE", umefika. Ukionyesha "DOWN", kagua waya. Amri ya modprobe ikilalamika kwamba haioni moduli, na unatumia Ubuntu, huenda umekosa kifurushi cha linux-modules-extra kinacholingana na kerneli yako. Maelekezo ya zamani hutaja amri ya rxe_cfg. Iache, ilikwisha kuondolewa, na wengi hupoteza siku nzima wakiitafuta.

Jaribio la kwanza liwe rping. Kwenye kompyuta ya kwanza:

rping -s -a 192.168.50.1 -v -C 10

Na kwenye ya pili:

rping -c -a 192.168.50.1 -v -C 10

Ukiona mistari yenye "rdma-ping" ikifuatwa na herufi za alfabeti, kumbukumbu za kompyuta zako mbili zimezungumza. Rping ikigoma ilhali ping inajibu, kagua ukuta-moto (ufw au nftables): ruhusu UDP 4791 kati ya anwani hizo mbili tu. Baadaye jaribu ib_write_bw ya kifurushi cha perftest, ukitumia chaguo la -R.

Programu zako mwenyewe zitakutana na kikwazo kingine. Kumbukumbu iliyoandikishwa kwa RDMA hufungwa isihamishwe, na Linux humwekea mtumiaji wa kawaida kikomo cha kiasi anachoweza kufunga. Kione kwa `ulimit -l`, kisha ukipandishe kupitia memlock katika /etc/security/limits.conf, utoke na kuingia upya.

Umeme ukikatika, na huku hukatika, rxe0 hupotea pamoja nao. Iandikie huduma ndogo ya systemd ya aina ya oneshot, inayosubiri mtandao uwe tayari ndipo iite modprobe na amri ya rdma link add. Bila hiyo, kila kuwasha jenereta ni kuanza upya.

Nalisisitiza hili kwa watu wa hospitali na maabara: pakiti za Soft-RoCE husafiri wazi, bila kufichwa, na anayeupata ufunguo wa kumbukumbu anaweza kuandika ndani ya programu yako. Beni na Butembo, miji iliyopitia Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, inajua maumivu ya jina la mgonjwa kuzunguka mtaani. Data za wagonjwa zisipite kwenye waya huu, na waya wenyewe usiunganishwe na intaneti.

Mwenye kompyuta moja tu anaweza kuunda mashini pepe mbili ndani yake na kufuata hatua hizihizi. Na anayetaka kuona njia nyingine ajaribu siw, draiva inayofanya kazi juu ya TCP, iliyomo katika kerneli tangu toleo la 5.3 la 2019. Ifute rxe0 kwa `sudo rdma link delete rxe0`, pakia moduli ya siw, kisha rudia amri ya kuongeza ukiandika siw badala ya rxe. Rping itakwenda vilevile.