Roketi ya karatasi, roketi ya maji: somo la kufanya pamoja na watoto



Tunaanza na neno lenyewe. Kwa watoto wengi wa Kivu, roketi si chombo cha kwenda mwezini. Ni kile kinachoangukia nyumba za watu. Mwezi wa tano 2024 mabomu yaliangukia kambi za wahamishwa za Lac Vert na Mugunga, karibu na Goma, yakaua watu, watoto wakiwemo. Kwa hiyo kabla ya kukata karatasi tunakaa chini na watoto na kuwauliza: ukisikia neno hili unaona nini? Anayetaka kusema aseme, asiyetaka asilazimishwe. Katika kikundi kimoja watoto walilikataa neno kabisa, wakakiita chombo chao "mshale wa maji". Tulikubali.

Tunakiri pia kosa letu. Mara ya kwanza hatukuwaambia majirani. Chupa iliporuka kwa kishindo, mama mmoja aliweka mtoto mgongoni, akashika wengine wawili mikono, akakimbilia barabarani. Ilituchukua muda kumpata na kumwomba radhi. Tangu siku ile tunamwarifu rais wa kambi siku moja kabla, tunapita kwenye mahema ya karibu kutaja saa na mahali, na tunawaonyesha watu chupa yenyewe waishike.

Jambo jingine ni vifaa. Mtoto akiambiwa alete vitu vya kutengenezea roketi, atakwenda kutafuta shambani na kwenye majalala. Waambieni wazi: hatutumii chuma, baruti, petroli wala kiberiti. Kitu cha chuma usichokijua hakiguswi wala hakipigwi jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, mwambie mtu mzima.

Kwa watoto wadogo anzeni na karatasi. Kata kipande cha karatasi ya kaye, kizungushe kwenye mrija wa kunywea soda bila kukaza, ukifunge kwa skochi. Kunja ncha moja na uizibe isitoe hewa. Upande wa chini bandika mabawa matatu. Ingiza mrija, puliza kwa nguvu. Ikipinda njiani, mabawa hayalingani. Mtoto ataligundua hilo mwenyewe, msiwahi kumwambia.

Wakubwa wafanye ya maji. Tafuta chupa ya plastiki ya soda, maana imetengenezwa kuvumilia gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba, na ya kioo isitumike kamwe. Chonga kizibo kutoka soli ya kandambili kuukuu, kiingie kwa kukaza. Katikati yake pitisha valvu iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Bandika mabawa ya kartoni. Tia maji, ziba, simamisha chupa mdomo ukiwa chini kati ya mawe matatu, unganisha pampu ya baiskeli. Mtu mzima mmoja ndiye anayepampu, akiwa pembeni. Watoto wakae hatua kumi na tano nyuma. Hakuna anayeinama juu ya chupa, hata kama imekataa kuruka. Hapo ndipo watu huumia uso.

Sasa somo lenyewe. Waulizeni watoto: itapanda zaidi ikiwa tupu, ikijaa maji, au ikiwa na maji theluthi moja? Watabishana sana. Kila mmoja aandike jibu lake kwenye kaye kabla ya kujaribu, halafu mrushe zote tatu. Tupu inaruka kidogo, kwa kuwa hewa ni nyepesi, haina uzito wa kusukuma. Iliyojaa inaanguka karibu, kwa kuwa hewa ndani haina nafasi ya kubanwa. Ya theluthi inapita mti wa avoka. Isaac Newton aliieleza kanuni hii mwaka 1687: ukisukuma kitu upande huu, nacho kinakusukuma upande ule. Maji yanakwenda chini, chupa inakwenda juu. Tuliona watoto wa makabila tofauti wakibishana kwa ukali, kisha wakanyamaza pamoja kutazama chupa. Aliyeshindwa hakushindwa na mwenzake.

Anga za juu ziko mbali kiasi gani? Wengi huweka mpaka kwenye kilomita 100. Kutoka Goma hadi Bukavu, ukikata moja kwa moja kama ndege arukavyo, ni karibu hizo hizo. Simamisha njia hiyo wima, umefika. Lakini kufika si kubaki. Ili kisianguke, chombo kinapaswa kukimbia karibu kilomita 8 kwa kila sekunde kikiizunguka dunia.

Watoto huuliza kama Wakongomani wamewahi kurusha. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilijaribu roketi zake huko Shaba. Ile ya Juni 1978 ilianguka mbele ya Rais Mobutu. Baadaye mhandisi wetu Jean-Patrice Keka alirusha zake, zinazoitwa Troposphère, kutoka Menkao nje ya Kinshasa. Ile ya 2009 ilibeba panya. Ilipotea njia, na panya hakurudi. Hapa watoto hucheka, halafu wanamhurumia panya, halafu wanauliza alikuwa na jina gani.

Usiku ukiwa mtulivu, malizieni nje. Mara nyingine, muda mfupi baada ya jua kuzama, nyota moja kubwa hupita angani bila kumetameta na kutoweka baada ya dakika chache. Ni kituo cha kimataifa cha angani, kilomita 400 hivi juu, Goma hadi Bukavu mara nne. Tangu Novemba 2000 hakijakosa watu ndani yake. Mtoto mmoja alituuliza kama na wao, wakiwa kule, wameacha nyumba zao zikilindwa na nani.