Nyota wa Mtandao Akitangaza Ameokoka

Maandiko: Matendo 8:9–24, Matendo 9:10–30, Luka 19:1–10
Wazo kuu: Mlango wa wokovu uko wazi leo kwa kila mtu. Maiki inaweza kungoja.

Somo hili lilianza na swali la kijana mmoja katika ushirika wa vijana: "Pasta, Waislamu walimpata Andrew Tate. Sisi tumempata nani?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana ndani ya swali hilo kuna fikira kwamba dini ni timu, na watu mashuhuri ni wachezaji wa kusajiliwa, kama vile Gor Mahia na AFC Leopards wanavyosajili.

Kwa wazazi ambao hawamjui: Tate ni bingwa wa zamani wa kickboxing, aliyezaliwa Marekani na kukulia Uingereza. Alijipatia jina mtandaoni kwa kuwafundisha wavulana habari za pesa, magari na kuwatawala wanawake. Mwezi wa Agosti 2022 Facebook, Instagram, TikTok na YouTube zilimfungia. Oktoba mwaka huohuo akatangaza kwamba ameingia Uislamu, ingawa mbeleni alijitambulisha kama Mkristo wa Kiorthodoksi. Desemba akakamatwa Romania kwa tuhuma za ubakaji na biashara ya kuuza watu, tuhuma ambazo amezikana. Kufungiwa hakukumzuia. Klipu zake zinafika mpaka Kaptembwa na Rhonda, na vijana wetu wanazo kwa simu.

1. Tutumie kipimo kimoja

Alipotangaza vile, Wakristo wengi walisema, "Huyo ni mwongo, anatafuta wafuasi tu." Haya. Sasa tumtazame mwingine. Russell Brand, mchekeshaji wa Uingereza, alibatizwa katika mto Thames Aprili 2024. Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 2023, vyombo vya habari vya kwao vilikuwa vimechapisha madai ya wanawake kadhaa kwamba aliwadhulumu kingono. Mwaka wa 2025 alifunguliwa mashtaka ya ubakaji, naye ameyakana. Je, tulisema pia, "Huyo anatafuta wafuasi"? Wengi tulisema haleluya na kusambaza video.

Mnaona shida? Akienda kwao ni kiki, akija kwetu ni muujiza. Mungu hapendi mizani miwili, soma Mithali 20:10. Mimi sijui moyo wa Tate, wala sijui moyo wa Brand. Wale majirani zetu Waislamu wa Bondeni wanaoswali kwa uaminifu miaka nenda miaka rudi hawakuongezewa wala kupunguziwa kitu na tangazo la mtu mmoja. Na sisi vilevile. Yesu hakuwa Bwana zaidi siku ile mtu mashuhuri alipozama majini.

2. Simoni wa Samaria: alibatizwa, lakini hakupewa huduma

Biblia inamjua nyota aliyebadili dini. Anaitwa Simoni. Samaria yote, wadogo kwa wakubwa, walikuwa wakimsikiliza na kumwita uweza wa Mungu. Kwa lugha ya leo, alikuwa na wafuasi mji mzima. Filipo alipohubiri, Simoni akaamini, akabatizwa, akawa anamfuata Filipo kila mahali.

Angalieni kwa makini. Filipo hakumwambia, "Wewe mchawi, toka hapa." Alimbatiza. Lakini Petro na Yohana walipofika, na Simoni akaona watu wakipokea Roho Mtakatifu kwa kuwekewa mikono, akatoa pesa ili apewe uwezo ule. Hapo Petro akakataa kabisa, akamwambia moyo wake si mnyofu, atubu.

Kwa hiyo ubatizo alipewa, huduma akanyimwa. Hivi ni vitu viwili tofauti, na makanisa mengi leo yanavichanganya. Mtu anaokoka Jumapili, Jumapili inayofuata picha yake iko kwa bango la krusedi. Paulo alimwonya Timotheo asimpe uangalizi mtu aliyeokoka juzi, asije akajivuna akaanguka (1 Timotheo 3:6). Onyo hilo linamlinda huyo mtu mwenyewe. Umati uliomlewesha duniani unaweza kumlewesha hata ndani ya kanisa, tofauti ni kwamba sasa wanapiga makofi wakisema amina.

3. Sauli: wokovu uliomgharimu

Utaniuliza, "Pasta, si Paulo alihubiri Dameski mara tu alipookoka?" Ni kweli, Matendo 9:20. Lakini tazama alichopata. Simoni alitaka kununua uwezo. Sauli alipoteza cheo, marafiki na usalama, mpaka akashushwa ukutani usiku ndani ya kapu. Alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, hawakusadiki. Naye hakuwafokea ati wanamhukumu. Ilibidi Barnaba amshike mkono na kumtolea ushahidi. Na tukisoma Wagalatia 1:17–18, miaka mitatu ilipita kabla hajapanda Yerusalemu kumwona Petro.

Basi nyota akitangaza ameokoka, jiulize pole pole: Tangazo hili linamgharimu nini? Je, kuna biashara aliyoifunga? Kuna pesa aliyoiacha? Kuna Barnaba aliye karibu naye, mtu anayeweza kumwambia "hapana" naye akasikia?

Hapa Kenya tunao mfano. Linet Munyali, tuliyemjua kama Size 8, alikuwa juu kabisa katika muziki wa kidunia. Mwaka wa 2013 akatangaza ameokoka na kutoa wimbo wa injili uitwao "Mateke". Wengi walisema ni kiki, atarudi baada ya miezi michache. Miaka ikapita, naye akaendelea kuimba injili na kuhubiri, mpaka akawekwa wakfu kuwa mchungaji. Simsifu kana kwamba hana majaribu, maana kila aliyeokoka anayo. Ninachosema ni kwamba muda ulijibu swali ambalo mabishano hayangeweza kulijibu.

Ndugu zetu wa Molo na Mau Narok wanaelewa haya. Shamba la viazi linaweza kuwa na majani mazuri ya kupendeza kila anayepita barabarani. Mkulima hauzi majani. Anangoja, halafu anachimba. Wala mkulima mwenye akili haling'oi shamba eti kwa sababu hajaviona viazi bado.

4. Waliokosewa wako wapi?

Hapa ndipo somo ni zito, na naomba msipite haraka. Ushuhuda wa mtu mashuhuri mara nyingi husimulia dhambi kama sinema: nilikunywa, nilizini, nilidhulumu, halafu Yesu akaniokoa, mpigieni Bwana makofi. Lakini ule mstari wa "nilidhulumu" una jina la mtu. Pengine ni binti ambaye ameketi kiti cha nyuma akisikia kanisa likimshangilia aliyemvunja. Tukimwambia "samehe, Mungu amesahau", tumemuumiza mara ya pili.

Zakayo hakusema tu "nimeokoka". Alisimama akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na kurudisha mara nne kwa aliyemnyang'anya. Onesimo alipookoka, Paulo alimrudisha kwa Filemoni pamoja na barua, akaahidi kulipa deni mwenyewe. Paulo naye, miaka mingi baadaye, bado alitaja hadharani kwamba Stefano alipouawa yeye alikuwa amesimama pale akikubali. Hakuificha.

Kwa hiyo damu ya Yesu inafuta hatia mbele za Mungu, lakini haifuti kesi mahakamani. Mshtakiwa ana haki ya kujitetea, na aliyelalamika ana haki ya kusikilizwa. Hii ni kwa nyota wa Uingereza, na ni kwa mwimbaji, mzee wa kanisa na pasta wa hapa Nakuru pia. Ukristo usiwe maficho.

5. Kijana wako na simu yake

Mzazi, usimnyang'anye kijana simu halafu ufikirie umemaliza. Jiulize kwa nini anamsikiliza huyo mtu. Wavulana wetu wamemaliza shule, kazi hakuna, na wengi hawana baba wa kuwaambia mwanaume ni nani. Akija mtu kwa simu akamwambia "nitakufundisha nguvu na pesa", atamsikiliza, awe amebadili dini au la.

Wanaume wa kanisa hili, hiyo ni kazi yenu. Mchukue kijana mmoja. Mpeleke gereji, shambani, sokoni Wakulima. Aone unavyozungumza na mke wako mkiwa mmekosana. Aone unavyolipa deni. Yesu alikuwa na mamlaka yote, naye akajifunga kitambaa akaosha miguu. Klipu ya sekunde thelathini haiwezi kumwonyesha hayo, lakini wewe unaweza.

Na kwa yule kijana aliyeuliza "sisi tumempata nani", jibu langu ni hili: tumepatikana sisi. Kondoo wa Luka 15 hakuwa na wafuasi hata mmoja, na mbinguni kulikuwa na furaha.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini Filipo alimbatiza Simoni, na Petro akamkatalia huduma?
2. Mtu mashuhuri akiokoka katika kanisa letu, tumlinde vipi mwaka wa kwanza?
3. Aliyekosewa na mtu aliyeokoka anapata wapi nafasi ya kusema katika kanisa letu?
4. Ni kijana yupi unayeweza kumchukua wiki hii?

Tuombe: Bwana, tuwapokee wote unaowaita, wanaojulikana na wasiojulikana. Utuepushe na kupenda majina makubwa. Waponye waliodhulumiwa, na wape vijana wetu baba wa kuwaongoza. Katika jina la Yesu, amina.