Anadaiwa dukani, na Jumapili tunapeana amani

Shangazi, 

Nina duka dogo la rejareja hapa Dodoma. Mama mmoja wa jumuiya yetu amekuwa akichukua vitu kwa deni tangu mwaka jana: unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni. Sasa daftari linasoma shilingi 94,000. Nikimkumbusha ananijibu kwamba Mkristo wa kweli hana roho ya kudai. Mtaji wangu ni mkopo wa kikoba, na marejesho hayasubiri. Mume wangu anasema kukopa harusi, kulipa matanga. Anataka niliandike jina lake kwenye karatasi ya wadaiwa nibandike mlangoni, au nimtaje kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Mimi tangu Komunyo ya kwanza nimefundishwa kuwa mtu wa fadhili. Siku hizi nikimwona anakuja najificha nyuma ya friji, namwambia binti yangu aseme nimetoka. Je, nikidai nitakuwa nimekosa utu wema?

Mwenye Duka, Dodoma

Mwanangu,

Nikutoe hofu kwanza: kudai chako si dhambi. Torati ilimwekea mkopeshaji adabu ya kudai. Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mkopeshaji haruhusiwi kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Atasimama nje, na mdaiwa ataitoa kwa mkono wake. Akiwa maskini na rehani yenyewe ni vazi lake, arudishiwe jua linapotua apate kujifunika usiku. Naipenda sana sheria hii. Deni liko palepale, lakini watoto wa yule maskini hawatamwona mtu wa nje akipekua vyombo vya mama yao.

Kwa hiyo ile karatasi usiibandike. Watoto wa mama huyo wanatumwa dukani kwako, wanajua kusoma, na wenzao wanajua kusoma. WhatsApp ni mbaya zaidi, maana kilichotumwa huko hakirudi. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 18, alipanga hatua: ndugu akikukosea, mwendee mkiwa ninyi wawili peke yenu. Asiposikia ndipo uchukue mtu mmoja au wawili. Mumeo anataka uanzie mwisho.

Lakini na mama huyo anayesema Mkristo wa kweli hadai, simkubalii. Tumsome yule Msamaria wa Luka 10, ambaye kila mtu humtaja tukizungumzia wema. Alimfunga majeruhi vidonda, akivitia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni. Kesho yake alitoa dinari mbili, sawa na ujira wa kibarua wa siku mbili kwa kipimo cha wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Wahubiri wengi huishia kwa Msamaria. Mimi namwangalia yule mwenye nyumba ya wageni. Alilipwa! Hakuna aliyemwambia kwamba mcha Mungu hulaza na kulisha majeruhi bure.

Mwanangu, katika habari hii wewe ndiye mwenye nyumba ya wageni. Kumlisha mama huyu mwaka mzima kwa mtaji wa kikoba ni mzigo uliopaswa kubebwa na wengi, na hao wengi wapo: ni jumuiya yenu. Kama parokia yenu ina Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kazi yake hasa ndiyo hiyo. Kilianzia Paris mwaka 1833 kwa vijana wa chuo kikuu waliowafuata maskini majumbani mwao, na hadi leo wanachama wake huingia nyumba ya mtu kimya kimya.

Kuna jambo umelipita haraka katika barua yako. Umetaja unga, sukari, mafuta, sabuni. Hukutaja soda wala vocha. Ulivyotaja ni vitu vya mtu anayehangaika kulisha nyumba, na hukuniambia kama mumewe ana kazi, au kama kuna mgonjwa ndani. Nahisi hujamuuliza. Maneno yake makali kuhusu Mkristo wa kweli huenda ni ya mtu anayeficha aibu.

Basi mwendee, saa ambayo nyumba imetulia, na daftari lako mkononi. Mwambie: “Dada, nimekuja kwa heshima. Deni limefika elfu tisini na nne, nami nadaiwa kikoba. Niambie hali yako.” Kisha nyamaza umsikilize. Kama anaweza kulipa, shilingi 5,000 kwa wiki zitalimaliza kabla ya miezi mitano, na katika muda huo anunue kwa fedha taslimu. Kama kweli hana, mwombe ruhusa umweleze mwenyekiti wa jumuiya, yeye peke yake. Na kama anacho ila hataki, rudi na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote wawili. Deni jipya usimpe. Salamu usimnyime.

Suala la kujificha nyuma ya friji limeniumiza kuliko deni. Wagalatia 5 inataja utu wema na fadhili katika orodha ileile yenye uaminifu na kiasi, na binti yako anajifunza kwako kwamba muungwana akibanwa hudanganya. Mwombe radhi leo.

Mumeo naye mshirikishe kabla hujaenda, kwa sababu marejesho yale yanawabana wote wawili. Mkitaka kusamehe sehemu ya deni, kiasi mkikate pamoja, mkiandike kwenye daftari, na mama yule aonyeshwe mstari ulipofutwa.

Shangazi