SACCOS ya Rungwa: vidokezo 6 kabla ya kununua mfumo

Ubunifu ukitajwa kwenye kikao cha bodi, kabla chai haijafika mtu ameshapendekeza programu ya simu. Isubiri kwanza. Rungwa, njiani kati ya Itigi na Chunya, ina fedha zenye tabia zake, na hizo ndizo za kuchunguza mwanzo.

1. Chora kalenda ya fedha. Mvua hapa ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Alizeti na mahindi huvunwa mvua zikikata, na asali nyingi hurinwa majira hayohayo. Rejesho la kila mwezi linamfaa mwalimu mwenye mshahara. Mrina asali mkimdai Februari, atakwenda kwa mlanguzi, achukue fedha leo kwa asali ambayo bado iko mzingani, bei apange mlanguzi. Kwenye taarifa yenu ataonekana mlipaji hodari! Chukueni leja za miaka mitatu, muandike kila mwezi nani aliweka akiba na nani alichelewa. Kisha wapeni wanachama wachache mkopo wa kulipa riba tu wakati wa mvua, na deni lenyewe baada ya mavuno. Walinganisheni na wanaofuata utaratibu wa zamani. Ila mkopo wa namna hii huficha ubovu wake mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo afisa mikopo afike shambani Machi.

2. Ingizeni tembo kwenye fomu ya mkopo. Pori la Akiba Rungwa limetengwa tangu 1951 na wanyama hawajui mipaka. Ulizeni shamba liko umbali gani na pori. Kifuta jasho cha serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama si bima, msikihesabu kama rejesho.

3. Wafuateni waliojitoa, pamoja na wale wa VICOBA ambao hawajawahi kujiunga. Awahoji mtu asiye wa bodi, maana mbele ya mwenyekiti kila mtu huridhika. Msiulize wangependa huduma gani. Watasema riba ndogo, na nani angesema vingine? Ulizeni hivi: mara ya mwisho ulipobanwa, fedha uliipata wapi na ilikugharimu kiasi gani?

4. Jaribuni dhamana ya asali. Mahindi huliwa na dumuzi, lakini asali iliyokomaa, ikifungwa vizuri, hukaa muda mrefu. Mwanachama aweke ndoo stoo, apewe sehemu ya thamani yake, auze bei ikipanda. Pimeni unyevu kabla ya kupokea, stoo iwe na kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili, na msimu wa kwanza zitoshe ndoo chache. Mimi ningeanza na hili kabla ya programu yoyote.

5. Sasa mfumo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeziweka SACCOS daraja la tatu, zenye leseni, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa MUVU. Muuzaji aeleze mfumo wake utapatanaje na huo, utafanyaje kazi mtandao ukikatika, na taarifa za wanachama zitabaki kwa nani mkataba ukiisha. Muulizeni pia wakala wa fedha za simu aliye jirani ni siku zipi huishiwa floti. Rejesho la simu halina maana kwa mwanachama aliyekosa pa kuweka fedha yake.

6. Andikieni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kimefundisha ushirika tangu 1963, enzi kikiwa chuo cha kawaida, na wanafunzi wa vyuo hawaachi kutafuta mada. Barua iwe na swali moja tu, leja ziwe tayari bila majina ya wanachama, na sharti liandikwe juu kabisa: matokeo yatasomwa kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu, mwanafunzi akiwepo kujibu maswali.