Kidonda Kikipona Chenyewe

Wapendwa wazazi, mwanenu akitokwa na usaha au akipata kidonda sehemu za siri, je, atathubutu kuwaambia? Hapa Changamwe vijana wengine huficha, wakajinunulia vidonge.

Kaswende huanza na kidonda kisichouma. Kidonda hupona chenyewe baada ya majuma machache, lakini ugonjwa hubaki mwilini. Baadaye hata mtoto aliye tumboni huweza kuambukizwa. Klamidia mara nyingi haina dalili, na isipotibiwa huweza kumfanya msichana awe tasa. Mficha uchi hazai.

Basi msianze kwa kumgombeza. Mpelekeni hospitali, kama ya Port Reitz, apimwe. Magonjwa haya mawili hupona kwa dawa, na mwenzake pia atibiwe.

Na ninyi wawili, mlipimwa lini?